Majani Kwanza, Ugali Baadaye

Wadogo zangu wa maabara,

Siku ya kuniaga mliniimbia, mkanivisha kitenge, mkakata keki, kisha mmoja wenu (namjua, na yeye anajijua) akasema, "Mama Ipyana, tuandikie basi jinsi ulivyofanya kazi miaka yote hiyo." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Mkapiga makofi. Sasa nimebanwa, naandika.

Nianze na jambo ambalo pengine halifai kusemwa: nimefurahi kustaafu. Hapa kwangu Iyunga malori yananguruma barabara kuu toka jioni mpaka alfajiri, na mimi nalala fofofo. Miaka yote ile umeme ukikatika nilikuwa nashtuka kitandani, nikiwaza friji ya sampuli: je, jenereta limewaka? Je, mlinzi amesikia king'ora? Siku hizi umeme ukikatika nageuka upande wa pili. Friji si yangu tena, ni yenu. Poleni sana.

Vyeo sitaviandika. Vimo kwenye faili langu, na faili lenyewe lilipotea mara mbili. Nitawaandikia habari ya kosa moja nililolifanya, kwa sababu karibu kila mnachokiona ukutani mwa maabara ile, pamoja na lile tangazo mnalolicheka, kilitoka kwenye kosa hilo.

Nilifika kituoni nikiwa msichana wa Tukuyu mwenye cheti kipya cha ufundi wa maabara na viatu vya kisigino. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mligo, Mbena wa Njombe, fundi mkuu wa maabara, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mifukoni. "Kamwene," akasema, akinisalimu kwa Kibena. Mimi nikasema shikamoo. Akaitikia, akanitazama kuanzia kichwani hadi chini, macho yakaishia kwenye viatu. "Hivyo vitamwaga tindikali siku moja. Kesho njoo na raba." Huko ndiko kukaribishwa kwangu kazini.

Wiki tatu nilikuwa naosha vyombo tu. Kila kimoja Mzee alikinyanyua dirishani, akakizungusha kwenye mwanga, na akiona alama ya tone moja la maji alikirudisha kwenye beseni. Nilimchukia, sifichi. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwigiza mbele ya dada zangu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Baadaye nilipoanza kazi za kweli nikagundua kwamba vyombo vyangu vilikuwa havinisaliti, nikaacha kumwigiza. Angalau mbele za watu.

Jambo jingine alilonifundisha ni daftari. Mzee Mligo aliandika saa ya kila kitu. Saa ya kukata jani, saa ya kuwasha mashine, saa ya kuzima, hata saa ya mvua kuanza kunyesha. Nilimwuliza kuna haja gani. Akasema, "Daftari lisilo na saa ni kitabu cha hadithi." Basi na mimi nikaandika saa. Niliandika bila kusoma nilichoandika, kama mtoto anayekariri sala, lakini niliandika.

Miaka ikaenda. Mzee akastaafu, akarudi Njombe kwenye miti yake ya parachichi. Mimi nikawa fundi mkuu, na akaja Dakta Zuhura.

Dakta Zuhura ninyi mnamjua akiwa mkubwa. Mimi nimemjua akiwa binti wa pale mjini Mbeya, wa familia ya Waislamu wenye duka la vitambaa, amerudi kutoka masomoni na masanduku mawili ya vitabu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi na mkubwa kwangu kwa kazi, na hatukujua tuitane nani. Mwishowe yeye akaniita Mama Ipyana, mimi nikamwita Dakta, tukaelewana.

Kazi yake ilikuwa mpunga na kiu. Aliwaeleza wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Madibira siku moja ukingoni mwa mfereji, na sijamsikia mtu mwingine akieleza vizuri vile, kwa hiyo nawaibia maneno yake. Alisema kila seli ya mpunga ina jeni zote za mpunga. Ya jani inazo, ya mzizi inazo. Lakini hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja. "Ni kama mfereji wenu huu," akasema. "Maji yamo humu muda wote. Ila shamba lako halinywi mpaka mtu aje afungue lango lako. Na anayefungua hafungui lango lolote analolikuta. Ana lake, analijua." Akasema ndani ya seli kuna protini za kazi hiyo. Protini inapita kwenye DNA, inatafuta kipande kifupi inachokitambua, inakishika, na jeni iliyo jirani inaanza kusomwa. Nyingine zinashika ili kufunga. Jani linaponyauka, zile zinazofungua jeni za kujilinda na ukame zinaamka na kwenda kushika.

Kijana mmoja akauliza, "Sasa Dakta, nani anamtuma huyo mfunguaji?"

"Kiu," akasema Dakta.

Watu wakacheka, lakini wakaelewa. Mimi nilikuwa nimesoma miezi miwili kwenye vitabu vyake na ndio kwanza nikaelewa siku hiyo.

Maabara tulikuwa tunaona jambo hilo kwenye jeli. Mnachukua kipande cha DNA chenye lile lango, mnakichanganya na maji ya protini yaliyotoka kwenye jani, mnakipitisha kwenye jeli kwa umeme. DNA iliyo peke yake inakimbia hadi chini. Iliyoshikwa na protini inachelewa, inabaki juu, kama mtu anayepita sokoni Mwanjelwa na kila muuza vitunguu anamjua. Kwa hiyo mstari wa juu ukiwa mnene, protini zimeamka nyingi. Ukiwa hafifu, zimelala. Niliipenda sana kazi hiyo. Naikumbuka kuliko harusi yangu.

Sasa tuingie Madibira. Mashamba ya mkiani mwa mfereji yalikuwa na shida moja: maji yanakata kabla mpunga haujakomaa. Wa mkiani walizoea kupanda mbegu fupi, inayowahi lakini haizai sana. Lakini kulikuwa na mama mmoja, Mama Kabula, Msukuma, ambaye familia yake ilihama na ng'ombe kutoka Shinyanga ikaja Usangu. Alikuja na mbegu ya mpunga ya mama mkwe wake ndani ya kibuyu. Mpunga mrefu, unachelewa, unanukia. Na miaka maji yalipokata mapema, shamba lake lilibaki la kijani. Watu wakaanza kusema mbegu ile haijui jua. Dakta akasikia, akataka kujua kama protini za ukame za mpunga ule zinaamka zaidi kuliko za mwingine.

Mimi ndiye niliyetumwa kukata majani. Dakta alikuwa na mimba kubwa, na daktari wake alimkataza barabara ile ya vumbi. "Sampuli nakuachia wewe," akaniambia. "Ukiwepo wewe ni kama nipo mimi." Nikavimba kichwa.

Tulikwenda mimi na Sanga dereva, pamoja na tungi letu la naitrojeni, ile baridi kali inayofuka moshi mweupe, jani likitumbukia linaganda hapo hapo kama kioo. Mashamba yalikuwa matatu. Mawili mkiani, kando kabisa ya barabara, yenye mbegu za kawaida. La tatu la Mama Kabula, nyumbani kwake, ng'ambo ya daraja la magogo ambalo gari halipiti. Na nisijifanye mtakatifu: njia niliipanga mimi. Nilianza na yale mawili asubuhi ili kwa Mama Kabula tufike mchana. Kwa nini? Kwa sababu Mama Kabula anapika.

Basi tulifika. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, ingawa saa za salamu hiyo ya asubuhi zilishapita. Akacheka, akaniitikia hivyo hivyo. Nikaingia shambani, nikakata majani yangu, nikayatia kwenye bahasha. Nilipotoka, binti yake amesimama na jagi la maji na beseni, anangoja ninawe. Ugali umeshapakuliwa. Kambale wa mchuzi, na mtindi kwenye kibuyu.

"Mama Kabula, ngoja kwanza nipeleke haya kwenye tungi," nikasema. "Liko garini."

"Gari liko ng'ambo huko. Ukienda na kurudi chakula kimepoa."

"Basi Sanga alilete tungi hapa."

"Lile linalofuka moshi? Hapana, dada yangu. Watoto wameliona kule darajani, wakalikimbia wakaingia kwenye mpunga. Liacheni huko huko. Kwani majani yana miguu? Nawa, ule."

Jamani, niambieni ninyi. Binti kashika jagi, mama kashika mwiko, Sanga keshanawa zamani yuko kwenye kigoda. Kwao mgeni akiondoka bila kula ameitukana nyumba, na kwetu Unyakyusa ni hivyo hivyo. Nikaweka bahasha kwenye kikapu, kikapu kivulini kando ya mlango, nikanawa. Tukala, tukaulizana habari za watoto, tukanywa mtindi. Ndipo nikavuka daraja na kikapu changu, nikagandisha majani. Kwenye daftari nikaandika: kukata saa sita na robo, kugandisha saa saba na nusu. Na safari ya pili ikawa hivyo. Na ya tatu.

Kule mkiani, ambako hakuna anayepika, kila jani liliingia kwenye tungi kabla sijamaliza kupenga kamasi.

Nadhani mmeshaona tunakokwenda. Mimi sikuona.

Jeli zilipotoka, mstari wa Mama Kabula ulikuwa mnene kama umechorwa kwa mkaa. Ile mingine miwili hafifu, unaitafuta kwa macho. Safari ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Dakta Zuhura, ambaye alikuwa ameshajifungua, aliishika ile picha akalia, akanikumbatia, akaniambia, "Mama Ipyana, tumepata!" Habari ikatembea kuliko sisi. Ukaitishwa mkutano Iringa wa maafisa ugani, Dakta akatangaze matokeo. Kule Madibira Mama Kabula akakalishwa kiti cha mbele kwenye kikao cha skimu. Watu wa mkiani wakaanza kusema msimu unaokuja wanaachana na mbegu fupi, wote wanapanda ya Mama Kabula. Mpunga unaochelewa, huo, kwenye maji yanayowahi kukata.

Siku chache kabla ya Iringa nilikuwa natengeneza jeli ya kufundishia wanafunzi. Nilikata jani la mpunga wa kawaida kutoka kwenye ndoo zetu za nyuma ya maabara, ambazo asubuhi ile nilikuwa nimezimwagilia mwenyewe mpaka zikafurika. Nikaliweka mezani. Mara akaingia katibu wa kamati ya harusi ya mwenzetu, mnajua hao hawatoki. Tukajadili ukumbi, tukajadili sare, tukajadili nani asipewe kipaza sauti. Saa nzima. Alipotoka, jani lilikuwa limeanza kujikunja. Kwenda kukata jingine nikaona uvivu, nikalitumia lile lile.

Mstari wa juu ukatoka mnene kama umechorwa kwa mkaa.

Nikasema nimechanganya vichupa. Nikarudia kwa majani mawili ya ndoo ile ile, moja nikaligandisha papo hapo, jingine nikaliacha mezani saa moja na robo. Lililogandishwa, mstari hafifu. Lililosubiri, mnene. Nikakaa chini. Jani lililokatwa halijui kwamba limekatwa. Linaendelea kuishi, linaona maji hayaji, linaita mfunguaji, na mfunguaji anakuja. Kiu niliyoipima kwa Mama Kabula haikuwa kiu ya shamba. Ilikuwa kiu ya kikapuni, wakati mimi nakula kambale.

Nikafungua daftari. Saa sita na robo, saa saba na nusu. Mara tatu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Niseme ukweli, wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nani angesoma daftari lile? Nilifikiria sifa yangu, nikafikiria Dakta na machozi yake, nikafikiria kwamba pengine mbegu ile ni nzuri kweli na mimi nitaiua bure. Zikapita siku mbili. Nikampigia simu Mzee Mligo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nasikia kuku wake nyuma. "Daftari linasemaje?" akauliza.

Nikamsomea.

"Basi daftari limeshasema," akasema. "Aliyebaki ni wewe." Kisha akaniuliza bei ya mbolea Mbeya, akakata.

Hata hivyo sikusema siku ile. Wala kesho yake. Nilisema tukiwa njiani kwenda Iringa, na kama si lori la magogo kupasuka tairi Mafinga na kuziba njia, sijui kama ningesema. Foleni ilikuwa imesimama, magari yamezima injini, harufu ya mbao mbichi inaingia dirishani. Sanga alishuka kwenda kuangalia. Dakta alikuwa anarudia hotuba yake kwenye karatasi, anatabasamu peke yake. Tabasamu lile ndilo lililonishinda.

"Dakta," nikasema, "majani ya Mama Kabula yalikaa."

"Yalikaa wapi?"

"Kwenye kikapu. Zaidi ya saa nzima, kila safari. Nilikuwa nakula." Nikamweleza jani la ndoo, nikampa daftari.

Alisoma kurasa zote tatu. Akazisoma tena. Kisha akafungua mlango, akashuka, akatembea kando ya barabara mpaka kwenye lile lori, akasimama akiyatazama magogo. Nikajua nimeisha. Nilipanga hata namna nitakavyomwambia mume wangu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Umelijua lini?"

"Siku nne zilizopita."

"Siku nne, Mama Ipyana!"

"Nisamehe, Dakta. Niliogopa."

Akavuta pumzi. "Na mimi kosa ninalo. Daftari hili lilikuwa mezani kwangu miezi yote. Sikulifungua hata siku moja." Akakunja karatasi za hotuba, akazitia kwenye mkoba. "Wa mkiani wangapi wangepanda mbegu ile? Wote. Ungeniacha niseme yale maneno, wote."

Iringa alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasema, "Nilialikwa niwaletee habari njema. Sina. Tulikosea kuchukua sampuli, na kazi itarudiwa. Waambieni wakulima wasibadilishe mbegu." Ukumbi ukanung'unika. Afisa mmoja mwenye sauti akauliza, "Na nani aliyefanya kosa hilo?" Mimi nyuma huko nikaanza kunyanyuka. Dakta akanitangulia. "Kazi ni yangu, kosa ni langu," akasema. "Ila kama mnataka kumjua aliyeligundua, ni fundi wangu yule pale." Watu wakageuka kunitazama. Nikakaa, nikajifunika uso na khanga, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne nikavuta pumzi ikafika chini.

Iliyobaki ikawa ngumu kuliko Iringa. Ilibidi nimwambie Mama Kabula.

Nilimkuta anapepeta. Nilimweleza yote, mfunguaji na kiu na kikapu, kama Dakta alivyoeleza pale mferejini. Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo chakula changu ndicho kilichoharibu kazi."

"Hapana, mama. Ni tamaa yangu. Kambale wako hana kosa."

Hakucheka. "Nimekaa kiti cha mbele, Mama Ipyana. Watu wamenipigia makofi. Sasa watasema Msukuma alileta mbegu ya uongo."

"Hatujui kama ni ya uongo. Tunapima upya."

Akauweka ungo chini. "Basi mtapima mbele ya macho yangu," akasema.

Na kweli. Msimu ule tulipanda mbegu zote tatu mkiani, bega kwa bega, udongo mmoja, maji mamoja. Tungi likabebwa hadi shambani, moshi na vyote, watoto wakazoea. Mama Kabula alikuja kila safari akiwa na chungu cha chakula kichwani, akakituliza kwenye tuta, akakifunika, akasimama kando yake kama askari. Nikinyoosha mkono kwenye maji ya kunawa anauliza kwa sauti shamba zima lisikie, "Majani yameshaingia?" Mpaka niseme yameingia, kifuniko hakitoki.

Matokeo yakawa sawa. Mistari mitatu, unene mmoja. Mbegu ya Mama Kabula ilikuwa na kiu kama mpunga wowote. Na Sanga, ambaye sayansi yake ni ya gari tu, ndiye aliyetuonyesha la pili: alikwama mguu kwenye tope kando ya shamba la zamani la Mama Kabula, wiki tatu baada ya maji kufungwa. Ukingo wa mfereji pale ulikuwa unavuja chini kwa chini. Ndiyo sababu shamba lile lilibaki kijani miaka yote. Lilikuwa linakunywa kwa siri.

Mwaka ule maji yalikata mapema kuliko kawaida. Wa mkiani, kwa sababu walibaki na mbegu yao fupi, walikuwa wameshavuna, magunia yako nyumbani. Kipande chetu cha majaribio chenye mbegu ya Mama Kabula kilikaukia pale pale, mashuke hayajatoka. Tulisimama mimi na Mama Kabula tukikitazama. Fikirini mkia mzima wa mfereji uwe vile. Fikirini nyumba zile zote. Nililia, jamani, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Mama Kabula akanishika mkono.

"Bora mbegu yangu iwe ya kawaida," akasema, "kuliko watu walale njaa kwa jina langu."

Ndiyo maana pale juu ya meza ya jeli kuna tangazo lenye maneno manne: Majani kwanza, ugali baadaye. Najua mnalipiga picha na kuwatumia marafiki mkicheka. Chekeni, ila msilitoe. Na kila daftari la safari linasomwa kwa sauti kabla sampuli haijafunguliwa, saa kwa saa. Utaratibu huo ni wa Dakta, aliuanza wiki ile ya Iringa. Wanaouona ni upotezaji wa muda waulizwe walikula wapi mara ya mwisho walipokuwa kazini.

Mwezi uliopita, baada ya ile keki yenu, nilikwenda Madibira kuaga. Nilipanda gari kama abiria wengine, bila tungi, bila mkasi, bila bahasha. Nilivuka daraja la magogo, ambalo siku hizi ni la zege, mkoba mmoja begani. Mama Kabula amezeeka, macho yamepungua, lakini alinijua kwa mwendo. "Mwangaluka, mayu," nikasema, na mara hii ilikuwa asubuhi kweli.

Tukakaa mpaka jua likapanda. Mjukuu wake akaleta jagi na beseni, akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mikono. Mama Kabula, ambaye alikuwa amekiwekea mkono kifuniko cha chungu, akauliza kwa sauti ile ile:

"Majani yameshaingia?"

"Leo hakuna majani, mama," nikamwambia. "Leo nimekuja kula tu."

Akafunua chungu.